Khanga Chini ya Sketi

Nilipokuwa kidato cha pili, hakukuwa na msichana mtaani kwetu Kikuyu, Dodoma, aliyenizidi urefu, wala aliyenizidi wembamba. Sikuwa mgonjwa. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, nilikula wali siku za Jumapili, na msimu wa zabibu ukifika nilikula zabibu mpaka meno yakawa na ganzi. Chakula chote kilikwenda kwenye urefu. Mgeni akija nyumbani, baada ya shikamoo na marahaba, alimgeukia mama na kumuuliza, "Huyu mtoto anakula kweli?" Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, mtu wa kujibu kwa kifupi. Alisema, "Anakula kunizidi," halafu akabadilisha mazungumzo.

Majirani waliniita njiti. Hawakuniita kwa ubaya, waliniita kama unavyomwita mtu jina lake. Msichana mzuri, kwa macho ya kina mama wa mtaa wetu, alikuwa na mwili: mashavu, mikono iliyojaa, na nyonga ambazo sketi inaweza kukaa juu yake ikatulia. Msichana wa namna hiyo alikuwepo, tena nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye alikuwa rafiki yangu.

Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, kama babu yake kabla yake. Walikuwa watu wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara, wakanogewa na Dodoma, wakabaki. Rafiki yangu alikuwa mnene wa kupendeza, mwenye ngozi laini na mwendo wa pole. Kukiwa na harusi ni yeye aliyeitwa kupitisha marashi kwa wageni. Mimi niliitwa kuangika mapambo, kwa sababu sikuhitaji ngazi.

Mwaka ule tulikwenda pamoja kushonesha sketi za shule. Fundi wetu alikuwa mzee aliyekaa na cherehani yake barazani, mbele ya duka la mafuta ya taa, na siku hiyo palikuwa na akina mama wanne au watano wakisubiri nguo zao. Alinipitishia futi kiunoni, akaipitisha nyongani, akatazama, akarudia kupima.

"Namba hazipishani sana," alisema kwa upole. "Nitakutilia mpira, mwanangu. Bila mpira itadondoka."

Wale akina mama wakacheka. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, fundi alipima mara moja tu, akaandika, akasema, "Hii sasa itakuwa sketi."

Tulipofika uani kwao nikamwambia, "Nifunge."

Hakuuliza nina maana gani. Aliingia ndani, akatoka na khanga ya mama yake iliyochakaa, akaikunja mara nne kwa urefu, akanizungushia nyongani. Juu yake nikavaa bukta ya kubana ili isiteleze, na juu ya bukta shumizi mbili. Akarudi nyuma hatua tatu, akaniangalia kama fundi anavyoangalia kazi yake.

"Geuka," alisema. Nikageuka. "Upande wa kushoto umezidi." Akarekebisha.

Kesho yake nilikwenda shule na nyonga. Jirani mmoja aliyekuwa anafagia nje aliniitikia salamu, akasimama na ufagio mkononi, akasema, "Naona umeanza kuwa msichana sasa." Nililibeba neno lile hadi shuleni, na darasani siku nzima sikusikia somo hata moja.

Nilivaa hivyo wiki nyingi. Wanaoijua Dodoma wanajua mwezi wa kumi na wa kumi na moja ulivyo, kabla mvua haijaanza, ardhi inaporudisha joto lote ililopewa. Jasho lilinitiririka miguuni. Nilitembea polepole kwa hofu kwamba kitu kitasogea, na watu wakadhani nimejifunza mwendo wa kike. Niliacha kucheza netiboli, mchezo niliokuwa ninaupenda, ambamo urefu wangu ulikuwa na maana. Nilimwambia mwalimu wa michezo kwamba goti linaniuma.

Siku moja shule ilitembelewa na mgeni kutoka serikalini. Tulipangwa mistari kwenye uwanja tangu saa nne, na mgeni akafika saa sita. Ninachokumbuka ni jinsi bendera ilivyogeuka ikawa mbili. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye benchi katika ofisi ya mwalimu wa malezi, na yeye mwenyewe ameinama akinilegeza nguo. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti nzito, tuliyemwogopa wote. Aliikuta shumizi ya kwanza, akaikuta ya pili, kisha bukta. Hapo akawageukia wasichana walionibeba, akawaambia warudi uwanjani na wafunge mlango.

Aliifungua khanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza pembeni ya madaftari. Nilitaka kufa.

"Nani alikufunga?"

"Nilijifunga mwenyewe, mwalimu."

"Mtu hawezi kujifunga hivi mwenyewe. Lakini sawa." Alinipa maji yenye chumvi na sukari, akanisimamia mpaka nikamaliza. Kisha akavuta kiti, akakaa, na kile kiti kikalia. "Nilipokuwa chuo cha ualimu," alisema, "nilikuwa ninajifunga mkanda wa kitambaa tumboni, ili tumbo lionekane dogo. Miaka miwili. Sikuweza kucheka vizuri. Mtu akisema kitu cha kuchekesha, mimi nilitoka nje."

Nikasema, "Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa. Hii khanga utakuja nayo mwezi wa saba, kuna baridi."

Hakumwambia mtu, na mimi sikuacha kabisa, ila nilipunguza. Badala ya mikunjo minne nikaweka miwili.

Kilichonifanya niache kilikuja Desemba, nacho kilikuja na basi kutoka Dar es Salaam.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa. Nilipokuwa mdogo tulipanga foleni ya sabuni na sukari. Sasa ghafla kulikuwa na sabuni za rangi tano, mafuta ya nywele yenye picha za wanawake kwenye makopo, na milima ya mitumba iliyomwagwa sokoni juu ya maturubai. Baba wa rafiki yangu alinunua televisheni na deki ya video, na siku za Jumamosi mchana sebule yao ilijaa. Wanawake wa kwenye video walikuwa warefu, wembamba, wana shingo. Niliwatazama bila kufikiria kwamba wananihusu. Wao walikuwa watu wa kwenye kioo.

Shangazi wa rafiki yangu alishuka kwenye basi na mabegi mawili ya nguo za kuuza. Alikuwa mchangamfu, mwenye kucha nyekundu, na alitufungulia begi moja pale pale sebuleni. Akatoa suruali ya jinsi, akamrushia mpwa wake. "Hiyo zawadi yako."

Rafiki yangu aliingia chumbani. Alikaa sana. Alipotoka, alikuwa amevaa gauni lake lile lile, na jinsi mkononi. "Imegoma mapajani," alisema.

"Mpe huyo mwenzako ajaribu."

Nilijaribu, ikakaa kama nimeshonewa. Shangazi alinitazama kutoka juu hadi chini huku anatafuna kashata. "Mnaona? Huyu ndiye mwenye umbo la siku hizi," alisema. "Dar mtoto kama huyu anasimamishwa barabarani. Wewe mwanangu punguza wali." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya bei, kisha akaendelea kupanga nguo zake.

Rafiki yangu alicheka kidogo. Akaniambia nibaki nayo, na mimi nikabaki nayo. Nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango wa chumba cha wazazi, nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Ile khanga niliirudisha kwa mama wa rafiki yangu kesho yake. Ukweli ni kwamba siku ile nilifurahi kuliko siku yoyote ya ujana wangu, na sikufikiria hata mara moja kilichokuwa kinaendelea nyumba ya tatu.

Shule ilipofunguliwa tukaingia kidato cha tatu. Mapumziko ya saa nne tulikuwa tunanunua chapati na maharage kwa mama mmoja nje ya geti. Rafiki yangu alianza kunisogezea sahani yake. "Malizia, nimeshiba," alisema. Nilimalizia. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nilidhani ni ukarimu. Nilikula chakula cha watu wawili tangu Januari, nikarudi kwenye netiboli, nikapata nguvu ya kuruka.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia, akafunga, kama kila mwaka. Ramadhani ikaisha, akaendelea. Kwanza alisema analipa siku zake. Kisha akasema ni zile siku sita za sunna. Kisha ikawa Jumatatu na Alhamisi. Mama yake aliwasimulia majirani kwa fahari jinsi binti yake alivyopenda ibada. Mashavu yalipungua, mwendo wa pole ukawa mwendo wa mtu aliyechoka, na alfajiri alipokuwa akija kunipitia kwenda shule alikuwa amejifunika sweta hata siku za joto.

Aliyegundua alikuwa fundi. Mwezi wa tano mama wa rafiki yangu alipeleka kitambaa cha pazia, na yule mzee, bila kukusudia kumchongea mtu, akamwambia, "Yule binti yako nimembania sketi mara mbili tangu Idi. Kuna usalama?"

Mama yule hakurudi kwake. Alikuja kwetu moja kwa moja, na kitambaa chake cha pazia mkononi, akakaa jikoni na mama yangu. Nikaitwa.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayeshinda naye. Shuleni anakula?"

Nilitazama chini. Kulikuwa na mchwa wanapita kwenye ufa wa sakafu, nikawaangalia hao. "Chakula chake ninakula mimi," nikasema.

"Tangu lini?" aliuliza mama yangu.

"Tangu shule ilipofunguliwa."

Nilisubiri kugombezwa. Mama wa rafiki yangu akanyoosha mkono, akanishika juu ya kiwiko, akaupima mkono wangu kwa vidole viwili kama kuku wa kununua. "Na miezi yote hiyo hata wewe hujanenepa," alisema, akaanza kucheka, na huku anacheka machozi yanamtoka, na mama yangu akacheka, na mimi nikalia.

Wao wawili ndio walioamua kwamba likizo ya Juni tupelekwe Kibakwe, kwa bibi yangu mzaa mama. Sikuelewa itasaidia nini. Mama alisema tu kwamba kule kuna baridi na kuna kazi. Suala la nyama lilizungumzwa kwa makini, kwa kuwa bibi alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Bibi akatuma jibu kwamba ameshaongea na mwalimu wa madrasa wa hapo kijijini, ndiye atakayemchinjia kuku wote, na sufuria yeye bibi atanunua mpya. Baba, aliyekuwa dereva wa serikali, alikuwa na safari ya Mpwapwa. Akatupandisha milimani, akatushusha mlangoni, akanywa uji akiwa amesimama, akaondoka.

Bibi alitoka kutupokea amejifunika blanketi. Alikuwa na ndonya, lile duara la kovu katikati ya paji la uso ambalo wasichana wa Kigogo wa enzi zake waliwekwa, na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka yakaning'inia. "Mbukwa," alitusalimu kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili chake cha kupandisha na kushusha akamuuliza rafiki yangu habari za mama yake, za baba yake, za duka, za safari. Kuhusu mwili wake hakuuliza lolote.

Asubuhi alitupa fimbo. Maharage yalikuwa yamevunwa na kuanikwa, na kazi yetu ilikuwa kuyapura mpaka maganda yafunguke. Rafiki yangu hakuwahi kushika kazi ya shamba. Alipiga kwa adabu, kama anayebisha hodi. Bibi alimwangalia, akasema, "Hayo maharage hayakusikii." Rafiki yangu akaanza kupiga kwa nguvu. Mchana mikono ilitutetemeka. Bibi aliweka chakula katikati, ugali wa mahindi, maharage mapya, maboga ya kuchemsha, akanawa, akala. Hakusema karibu mara mbili. Alikula kwa makini sana, mtu mwenye kazi yake, na hakumtazama mgeni.

Siku ya kwanza rafiki yangu alikula matonge mawili. Siku ya pili matatu. Siku ya tatu, baada ya kupanda na kushuka kilima mara nne na ndoo za maji katika upepo wenye baridi ya kukata masikio, alikula hadi alipomaliza, kisha akauliza kama kuna boga lililobaki. Bibi akamsogezea boga huku anaendelea kunisimulia habari ya mbuzi wa jirani.

Jioni moja tulikuwa tunapeta maharage, jua bado lipo, na rafiki yangu akamuuliza bibi kama masikio yale yaliuma.

"Hili halikuuma," bibi alisema, akagusa la kulia. "Hili ndilo liliuma." La kushoto lilikuwa fupi, limekunjamana kwa chini. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote bila kuliuliza.

Akasimulia. Alikuwa na binamu yake ambaye masikio yake yalivutika upesi, yakawa marefu, na shanga zikiwekwa zinagusa mabega. Vijana wote walimwimba huyo. Kila msichana alikuwa anaweka kijiti kwenye tundu la sikio, na kadiri siku zinavyopita anabadilisha, anaweka kinene kidogo zaidi. Bibi akachoka kusubiri. Alichonga kipande kinene mara tatu ya kile cha kwanza, akakisukuma mwenyewe. Sikio likavimba, likatunga usaha, likachanika. Alikaa ndani wiki kadhaa, amefunga kichwa kwa kitambaa, akijua kwamba hataolewa.

"Ukaolewaje?" aliuliza rafiki yangu.

"Babu yake huyu alikuja kuuliza habari za ng'ombe aliyepotea, akanikuta sina kitambaa. Akasema, 'Mbona sikio moja fupi?' Nikamwambia, 'Na wewe mbona miguu imepinda?' Tukaanza hapo." Akarusha maharage juu kwenye ungo, maganda yakapeperuka. "Halafu mama yake huyu alipokua akakataa kabisa. Masikio akakataa, ndonya akakataa. Akaenda mjini kuchoma nywele kwa kitana cha moto. Nililia. Nilisema, nani atamwoa mtoto mwenye masikio ya mbuzi mchanga?"

Rafiki yangu alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na maharage tukayaokota moja moja.

Kesho yake tulipokuwa tunatafuta kuni, aliniambia bila kunitazama, "Siku ile ya jinsi nilikuchukia."

Nilifunga mzigo wangu polepole. "Mimi nilifurahi," nikasema.

"Najua. Nilikuona."

"Na chapati zako zilikuwa tamu."

Aliendelea kuokota kuni, nikaogopa nimeharibu. Kisha nikaona mabega yanamtikisika. Akasema, "Ile khanga ungeniazima mimi nikaipunguza kwa kuitazama tu," maneno yasiyo na maana yoyote, na tukacheka tukiwa tumekaa juu ya mizigo ya kuni. Tangu siku hiyo tukawa tunaambiana kila kitu, hata yale ya aibu.

Wiki ya mwisho palikuwa na harusi kwa jirani. Kina mama walipiga ngoma ya muheme, ngoma wamezibana kati ya magoti, na bibi alikuwa mmoja wao. Mimi nilivutwa kuruka, na hapo urefu ulinifaa. Mama mmoja alisema shingo yangu inastahili shanga, akavua zake akanivisha mpaka jioni. Rafiki yangu aliganda mbele ya ngoma. Alimtazama bibi mikono yake kwa muda mrefu, kisha akaomba. Bibi akampa ngoma ndogo ya pembeni. Kumbe rafiki yangu alikuwa na mapigo mikononi, hakuna aliyejua. Jasho lilimtoka, mtandio ukamteleza shingoni, viganja vikawa vyekundu, na hakuacha mpaka walipokatisha wenyewe.

Sitasema kwamba tulipona. Miaka mingi baadaye, siku ya harusi yake, alinilazimisha nimkazie zipu akiwa amezuia pumzi, na mimi mpaka leo nikipita mbele ya kioo cha duka huwa ninajitazama ubavuni. Nyonga zilikuja zenyewe, bila taarifa, baada ya mtoto wa pili. Yeye ndiye anayeendesha duka la baba yake sasa. Binti akija kupimwa kitambaa na mama yake akaanza kusema amezidi hapa, amepungua pale, rafiki yangu humtuma yule mama akachague vifungo.

Lakini siku tuliyorudi kutoka Kibakwe mama yake alikuwa amepika pilau. Tulikula kwenye sinia moja, sisi wawili, mama yake, na mama yangu aliyepitia hapo akitoka kazini, viatu vya ofisini ameviacha mlangoni. Tulipomaliza, mama yake akauliza tulijifunza nini huko, akitegemea labda tutasema kupura maharage. Rafiki yangu alinawa, akachukua ndoo ya plastiki uani, akaigeuza, akaibana kati ya magoti, akaanza kupiga. Mama yake alisema yeye si mtu wa ngoma, hajawahi kuwa. Alisema hivyo mara mbili. Mara ya pili mabega yake yalikuwa yameshaanza kucheza.